Mahojiano Kupitia Ukuta wa Mianzi

Wifi yangu, mke wa kaka, anasoma chuo kikuu cha serikali, kozi ya haki jinai na urekebishaji wa wafungwa. Likizo hii alirudi Kyela na kazi moja: amhoji mtu aliyemaliza kifungo, ana kwa ana, juu ya maisha ya gerezani na ya kurudi nyumbani. Wengine wote aliowafuata walimkatalia. Aliyekubali ni baba yangu.

Shida ni kwamba kwetu mkamwana hasemi na baba mkwe wala hakutani naye uso kwa uso. Wengine siku hizi wameacha. Baba na wifi hawajaacha. Wakikaribia kukutana njiani, wifi anaingia migombani mpaka baba apite.

"Basi utakuwa mdomo wangu, wifi," akaniambia.

Mimi! Mimi ambaye darasani nikiulizwa swali natazama vidole vya miguu. Na habari za jela nyumbani hatuzitaji. Baba alifungwa nikiwa shule ya msingi, alimkata jirani mkono kwa panga kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba. Mama alituambia baba yenu hataki mwende kumwona, basi. Nimekua nikiamini kwamba alikuwa ametuchoka.

Jumamosi asubuhi wifi alikaa jikoni, mlango ameurudishia. Baba alikaa nje akipasua kakao, mgongo kaupa ukuta wa jiko. Mimi nikawa naingia na kutoka.

Maswali ya kwanza yalikwenda vizuri. Mlikula nini? Ugali na maharage. Mlifanya kazi gani? Kulima mpunga.

"Mwambie hata huko nilikuwa namshinda mumewe kwa kulima," baba akasema, na jikoni nikasikia wifi anachekea kwenye kanga.

Nilipoingia tena, wifi akaninong'oneza: "Muulize kwa nini alikataa watoto wake waletwe kumwona."

Nikatoka. Nikasimama. Nikaokota ganda la kakao, nikalitupa, nikaokota lingine.

"Mbona umenyamaza?" baba akauliza. "Ukuta huu ni wa mianzi, si zege. Maswali yote nayasikia tangu mwanzo."

"Sasa mbona ulikuwa unangoja mimi niseme?"

"Ulitaka nimjibu nani? Mimi na yeye hatusemezani."

Akapasua kakao mbili tatu, ndipo akaendelea, sauti ileile.

"Tulikuwa tunapelekwa shambani na zile sare za rangi ya machungwa. Watu tunaofahamiana wakinikuta barabarani wanageuza uso. Hao niliwazoea. Nikakuwaza wewe, na aibu zako hizo. Ungekuja, ungeangalia chini. Mimi ningerudi selo na hilo, nilale nalo."

Kutoka jikoni wifi akasema, kwa sauti ambayo hata asiyetaka angeisikia: "Mwambie baba ndaga fijo, nashukuru sana. Halafu muulize, na sasa je?"

Swali hilo sikulipeleka, lilikuwa limeshafika. Baba aliacha kupasua. Mikono yake ilikuwa inateleza kwa ute wa kakao, kaiweka juu ya magoti, ananingoja mimi.

Nikainua uso, nikamtazama. Ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Sikuwa nalijua. Nikamuuliza, swali langu mwenyewe safari hii, kovu lile alilipata wapi.