Nyuzi Mbili za Mwajuma

Mwajuma binti Mahmudu bin Chabani. Babu yake Chabani ndiye aliyetoka Gitega kwa miguu, cherehani kichwani, akaja kuwashonea watu wa Muyinga kanzu. Mahmudu naye alishona mpaka macho yakamkataa. Mwajuma mwenyewe amevalisha maharusi wa mtaa wetu, na mama zao kabla yao, na hakuna aliyewahi kurudisha nguo.

Binti yake wa pekee, Layla, aliolewa Kanada. Alimwachia mama ordinateri ya kukunja, yaani kompyuta ya mapajani, waonane kila Ijumaa baada ya swala, maana kioo cha simu ni kidogo na macho ya Mwajuma ni yale yale ya baba yake. Rezo, yaani intaneti, anapewa na jirani Zakaria, ukuta kwa ukuta.

Sasa vumbi la vitambaa likaijaa ile ordinateri, ikawa inanguruma. Mwajuma akaifungua kwa bisibisi ya cherehani. Alipopitisha brashi, nyuzi mbili nyembamba, nyeupe na nyeusi, zikaachia. Fundi wa nguo haachi uzi unaning'inia. Akazikunja vizuri, akazificha pembeni kama ncha za pindo, akafunga.

Tangu hapo sura ya Layla ikawa inaganda mdomo wazi, kisha giza. Kwenye simu Layla aliapa kwamba anapiga. Mama hakusadiki, akajiambia mtoto amemchoka. Lakini kila Ijumaa alivaa kitenge kizuri akakaa mbele ya kioo cheusi mpaka alasiri.

Harusi ya ndugu ikampeleka Gitega, akaibeba ile ordinateri. Elikana, fundi wa ordinateri aliyekulia Tanzania, akaifungua, akacheka.

"Bibi, haya ndiyo masikio yake ya kunasia rezo. Umeyashonea pindo safi namna hii?"

"Mi niliona ni nyuzi tu. We cheka, ila nionyeshe."

Akamwonyesha: betri itolewe kwanza, nyeupe kwenye alama nyeupe, nyeusi kwenye nyeusi, kikofia cha ncha ya kila uzi kikae sawasawa juu ya kinundu chake, ndipo ubonyeze, kama kifungo cha kubana cha gauni la mtoto. Mwajuma akabonyeza kwa ukucha. Kikalia, tik.

Ijumaa iliyofuata Layla akatokea, mjukuu mapajani, theluji dirishani. Mwajuma akaligusa shavu la binti yake. Kioo kilikuwa baridi.

Siku hizi mikono inamtetemeka. Juzi alimwita Swabra, mpwa wake anayejifunza kushona, akamkabidhi bisibisi na ile ordinateri.

"Vumbi la humu ni lako sasa. Nyuzi zingine zote, za nguo, kata. Hizi mbili rudisha mahali pake mpaka zilie. Mi nitakaa hapa, nimngoje Layla."