Kengele Isiyolia Wodi ya Watoto

Kazini walimwita Kiherehere, naye hakuchukia, maana kutulia kulimshinda kweli. Hata kuandika programu aliandika amesimama. Programu yake ilipokea taarifa kutoka mashine za wagonjwa hospitalini na kuzipeleka kwenye simu za manesi. Taarifa ya kawaida iliingia kimya. Ya dharura ililiza kengele.

Asubuhi moja alikwenda kumwona wifi yake, aliyelazwa na kichanga chenye nimonia. Alimkuta amesinzia. Kiherehere akashindwa kukaa; mara dirishani, mara mlangoni, mpaka akafika kwenye meza ya nesi. Simu iliyokuwa pale ikawaka, ikazima, kimya. Jicho lake likawahi kusoma: dharura, oksijeni inashuka, kitanda cha wifi yake.

"Nesi, njoo kwetu. Mtoto hapati hewa."

Nesi alifika mbio. Mrija ulikuwa umechomoka. Ukarudishwa, na midomo ya mtoto ikaanza kupata rangi. Nesi akasema simu ile haijalia hata mara moja tangu wodi iunganishwe juzijuzi. Wao walidhani ni heri tu. Kiherehere akamwomba asiondoe macho kwenye vioo vya mashine, akatoka roho mkononi kurudi kazini.

Wodi ya watoto ilikuwa imeongezwa kwenye programu na fundi mwenzake. Aliunda aina mpya ya taarifa, dharura ya watoto, akaizaa kutoka kwenye dharura ya zamani ili irithi tabia zake zote. Hapo hakukosea. Kosa lilikuwa kwenye mstari wa Kiherehere. Programu ikiwa kazini, iliisimamisha kila taarifa na kuiuliza jina la aina yake. Ikijibu "dharura", hivyo hivyo bila nyongeza, kengele inalia. Hii mpya ilijitaja kwa jina lake refu, ikahesabiwa mgeni, ikapitishwa pamoja na za kawaida.

"Umeiuliza jina," mwenzake alisema. "Ungeiuliza ukoo."

"Mtoto wa nyoka ni nyoka. Mimi nikaona mjusi."

Hakuna aliyecheka. Wakabadilisha swali: taarifa hii ni dharura, au imezaliwa na dharura? Wakapiga simu wodini, nesi akachomoa kipimo cha oksijeni makusudi, kengele ikalia. Mwenzake akashusha pumzi. Yeye hakuweza. Alipekua programu nzima kutafuta kila mahali palipoulizwa swali lile la jina, akakuta mahali pengine, upande wa wodi ya wazazi. Akaparekebisha, kisha akamweleza mkuu wao yote bila kupunguza neno.

Jioni alirudi wodini. Mtoto alikuwa ananyonya.

"Wifi, ile kengele ambayo haikulia asubuhi niliitengeneza mimi."

Wifi yake alimfunika mtoto miguu. "Sasa inalia?"

"Inalia."

"Kaka yako umemwambia?"

"Bado."

"Mwambie mwenyewe. Hilo mimi silibebi."

Kiherehere akatoka hadi ukumbini, akawa anakwenda na kurudi, simu sikioni. Kaka yake alipopokea, alianza na la heri: mtoto anapumua vizuri. Kisha akaegemea ukuta, akamweleza lililobaki.