Mizani Tatu, Namba Moja

Mimi ni mtu wa kukataa. Ukiniomba niongeze kitu kwenye programu yangu, neno la kwanza ni hapana, la pili ni hapana, na wengi huchoka kabla ya la tatu. Kazini wanasema nina kiburi. Wacha waseme. Nimeona programu nyingi zikiharibika, na mara nyingi kilichoziharibu ni maombi ya watu wazuri. Huyu anataka kuona hesabu ya mwaka mzima kila anapobonyeza, yule anataka jina la mke na la mume, na kila ombi ukilitazama peke yake ni dogo na la haki kabisa. Ukiyakubali yote, siku moja mashine inaanza kupapasa kama mzee anayetafuta miwani, na wale wale waliokuomba ndio wanaokutukana.

Programu ninayoisimulia hapa ni ya kupima majani chai. Niliiandikia kituo kimoja cha kununulia majani huko Gesima, ambako mama yangu mwenyewe hupeleka ya kwake. Kituo kina mizani tatu, na kila moja ina karani mwenye simu na kiprinta kidogo kinachoning'inia kiunoni. Unataja namba yako ya mkulima, kikapu kinapimwa, kilo zinakwenda kwenye hifadhidata iliyoko Kisii mjini, risiti inatoka. Kufumba na kufumbua umemaliza. Nilijivunia kasi hiyo kuliko cheti changu cha chuo, kwa sababu majani yakishachumwa hayana subira. Yakikaa yanapata joto na kuwa mekundu, na lori likichelewa kiwanda kinayakataa. Jumatatu ndiyo mbaya zaidi. Wasabato wamepumzika Jumamosi, Wakatoliki wamepumzika Jumapili, kwa hiyo Jumatatu mlima mzima unashuka na vikapu.

Sasa, mama yangu ana magoti mabovu. Kuchuma anachuma, lakini mistari miwili tu ya chai na amekaa chini. Shamba lake linaishi kwa sababu ya egesangio, yaani kikundi cha akina mama wanaochumiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kutwa kwa yule. Yeye ndiye kiongozi wao. Siku ya zamu yako wanaingia shambani kwako wote, wanachuma huku wakisengenya na kucheka, kisha kila mmoja anabeba kikapu mpaka kituoni na kukipima kwa namba yako. Yeye magoti yakikataa huwa anawapikia, na hakuna anayemlaumu. Aliwahi kuniambia waziwazi kwamba siku egesangio ikivunjika, ning'oe chai yote nipande mikaratusi, maana hatavumilia kuiona ikigeuka msitu mbele ya macho yake.

Na egesangio ikaanza kuvunjika. Mmoja wao siku ya zamu yake aliona kilo zake ni chache kuliko alivyotarajia. Mvua ilikuwa imenyesha, risiti nyingine zilikuwa zimelowa hazisomeki, moja haikuonekana kabisa. Maneno yakaanza kupita chini kwa chini kwamba kuna mtu amepima kikapu kwa namba yake mwenyewe. Wakamnyooshea kidole jirani yetu, mama mpole ambaye chai yake imepakana na yetu. Nilifungua hifadhidata nikaangalia. Vikapu vyote vilikuwapo, na kwa namba ya jirani yetu hakikuwa kimepimwa hata kimoja siku hiyo. Nikawapelekea habari hiyo mbio mbio nikidhani nitapigiwa makofi.

"Wewe ni mtoto wa kiongozi," wakaniambia. "Ungesema nini kingine?"

Hapo nilichemka. Kazi yangu yote, usahihi wangu wote, ukawa porojo za mtoto anayemtetea mamake. Jirani yetu aliacha kwenda kwenye zamu. Wengine wawili wakaanza visingizio, mara kuna matanga, mara mtoto anaumwa. Zamu ya mama ilikuwa inakaribia, na chai yake ilikuwa imeanza kuchipua.

Mama akanipigia simu. Yeye na wenzake walikuwa wamekaa wakakubaliana wanachotaka: kila risiti ionyeshe nani ameleta kikapu, na jumla ya mwenye namba mpaka dakika hiyo, palepale mizanini, kila mtu akiona.

"Mama, hiyo itachelewesha foleni."

"Foleni ya nani? Wakiniacha peke yangu sitakuwa na kitu cha kupangia foleni."

Ndiyo mara pekee maishani mwangu nilipokubali ombi bila kufika hapana ya pili.

Jina la aliyeleta lilikuwa rahisi. Jumla ndiyo iliyonitoa jasho. Kwanza nilijaribu kuifanya mashine ijumlishe upya vikapu vyote vya mwezi kila mara mtu anapopima. Ikawa nzito, nikaitupa. Kisha nikampa kila mkulima mstari mmoja wa jumla ndani ya hifadhidata, na kila kikapu kikipimwa, mstari huo unaongezewa kilo. Nililijaribu hilo mezani kwangu wiki nzima na likapita bila kukwaruza. Nikajipiga kifua. Jumatatu ikafika, na ilipotimu alasiri kituo kizima kilikuwa kimeganda. Karani anabonyeza, simu inazunguka tu. Mistari ya watu imefika barabarani, majani yanapata joto ndani ya magunia, dereva wa lori anapiga honi.

"Dada, hii kitu yako inatumaliza," karani wa mizani ya kwanza akaniambia, na hakuwa anatania.

Mwenyekiti wa kituo ni mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache. Alinivuta pembeni. "Binti yangu, nakupa mpaka Jumatatu ijayo. Ikikwama tena, tunarudi kwa kalamu, na simu zako utazichukua." Jumatatu ijayo ilikuwa ndiyo zamu ya mama. Nikapanda gari kurudi mjini roho ikiwa juu. Nilijua wakirudi kwa kalamu hakuna mama atakayeona jumla ya mtu yeyote, na egesangio imekwisha.

Mtu mwingine angebaki kwenye kompyuta. Mimi nilirudi Gesima kesho yake, nikageuza ndoo juu chini karibu na mizani, nikakaa. Watu walikuja mmoja mmoja, kila mtu na namba yake, na mashine ilikimbia vizuri kabisa. Nikaanza kujiuliza kama nimerogwa. Ndipo kikaja kikundi kingine cha akina mama, egesangio ya ng'ambo ya mto. Walipoona mizani tatu, wakafanya kama mtu yeyote mwenye akili: wakajigawa, hawa huku, hawa kule, ili wamalize haraka. Na wote, kwenye mizani zote tatu, wakataja namba moja. Simu zote zikasimama.

Nilicheka peke yangu mpaka karani akanitazama vibaya. Unajua, hifadhidata ikiandika kwenye mstari fulani huufunga kwanza, ili watu wawili wasiuandike kwa pamoja wakaharibu hesabu. Ni kama choo chenye kitasa: aliye ndani akikawia, wote walio nje wanabana. Nami nilikuwa nimeacha mlango ufungwe mpaka risiti itoke, kwa mtandao wa Gesima unaokwenda kwa kusuasua. Mezani kwangu kila mkulima wa majaribio alikuja na kikapu chake, akaingia, akatoka. Nani angefikiria kuwajaribu watu wanaopanga mstari kwa ajili ya choo cha mtu mmoja? Mimi, mtoto niliyelelewa na egesangio, sikufikiria.

Mwenyekiti alipendekeza akina mama wa kikundi walazimishwe kupima kwenye mizani moja. Nikakataa. Wangesimama mpaka mvua iwakute, na kosa si lao. Karani akapendekeza niondoe jumla. Nikakataa hilo kwa nguvu zaidi. Kisha nikaenda kwa mama, nikawakuta baadhi yao wamekaa jikoni kwake, nikawaambia na mimi nina masharti.

"Jumla haitatoka kwenye kila risiti," nikasema. "Kila kikapu kitapata risiti yake ya haraka. Kikapu cha mwisho kikishapimwa, mwenye namba atamwambia karani amfungie siku. Hapo itatoka risiti moja ndefu: vikapu vyote, majina yote, na jumla chini."

"Kwa nini isiwe kwenye kila moja?" mmoja akauliza.

"Kwa sababu nimesema hapana."

Mama akacheka, akamgeukia mwenzake. "Hata akiwa mdogo alikuwa hivyo. Tunataka kuona mwisho, basi. Hayo ya katikati ni ya nini?"

Hilo tu ndilo nililokuwa nalihitaji. Nilifuta ule mstari wa jumla wenye kitasa. Sasa kila kikapu kinaandikwa peke yake na hakuna anayemsubiri mwenzake. Jumla inahesabiwa mara moja tu, mwisho, kwa vikapu vya siku hiyo tu, ambavyo ni vichache. Jumla ya mwezi nikaihamishia kwenye ujumbe wa simu wa jioni, wakati mizani zimeshafungwa. Safari hii nilifanya majaribio kwa namba moja, mizani tatu, kwa fujo zote nilizoweza kubuni. Haikutikisika.

Jumatatu asubuhi niliwakuta wote shambani kwa mama. Nasema wote. Jirani yetu alikuwa mstari wa mwisho, peke yake, anachuma bila kuinua uso. Mama alikuwa amemfuata nyumbani kwake usiku uliotangulia kwa magoti yale yale, na walichoambiana hawajawahi kuniambia.

Alasiri kituoni watu walikuwa wengi kuliko Jumatatu iliyopita. Egesangio ya mama ikajigawa kwenye mizani tatu, ikataja namba moja. Nilisimama mikono nyuma kama mtu asiyejali, nikihesabu. Kikapu, risiti. Kikapu, risiti. Mizani zote tatu zikaenda kwa pamoja kama mchezo. Karani aliyenilaumu aliniinulia kidole gumba bila kuacha kubonyeza. Mwenyekiti akatazama foleni ikipungua, akatazama mawingu, akaondoka zake kwenda kunywa chai. Lori lilijaa likaondoka kabla tone la kwanza halijaanguka. Wacha nijisifu, nani atanikataza? Nilikuwa mtu mrefu kuliko wote Gesima nzima.

Mama akasema afungiwe siku. Risiti ndefu ikatoka kiunoni mwa karani. Akaishika mbali na macho, wenzake wakamzunguka, akaanza kusoma kwa sauti: jina, kilo, jina, kilo. Kila aliyetajwa alijibu kama darasani. Alipofika kwa jirani yetu alisoma polepole kidogo. Kilikuwa kikapu kizito kuliko vyote.

Yule mama aliyelalamikia kilo zake alishusha macho, akainama akachukua kikapu kitupu cha jirani yetu na kukitia ndani ya chake, akabeba vyote viwili.

"Kesho kutwa," mama akasema, "tunaanzia kwa nani?"

"Kwangu," jirani yetu akajibu. "Na mje mapema."