Kiganja Chini ya Korongo

Juzi nilienda kumtembelea rafiki yangu anayekaa Gatina, kwenye ploti za ghorofa zilizoota kila mahali Kawangware. Mlango wake una kioo cha kuchorwa maua, kile cha ukungu ambacho huoni ndani. Kabla nibishe, mtoto wake akabandika kiganja kwa ndani. Niliona vidole tu, mtoto mwenyewe sikumwona. Ghai! Nikakaa kwenye ngazi kama mlevi. Acha nikwambie kwa nini.

Miaka ya tisini tulikaa Gatwekera, Kibera, chumba kimoja cha udongo na mabati: baba, mama, kaka yangu, mimi na mdogo wetu wa kike. Baba alikuwa kibarua kwenye karakana ya vioo huko Kawangware. Walirushia kioo mchanga kwa mashine mpaka kichoreke waridi, twiga au ndege, vioo vya milango ya matajiri. Jioni alirudi kwa miguu, nyusi nyeupe kwa vumbi, nasi tukamcheka kwamba amezeekea njiani.

Siku moja alikuja amekumbatia kitu ndani ya blanketi. Kioo chenye korongo! Mteja alitaka korongo wawili wanaotazamana, fundi akawachora wote wanaangalia upande mmoja. Basi mmoja akakataliwa. Baba alikata mabati, akamweka ndege wetu dirishani juu ya stovu, upande uliokwaruzwa ukiwa ndani, jinsi mafundi hufanya. Majirani walikuja kushangaa, wengine wakatutania eti tumehamia Lavington kwa matajiri.

"Msikiguse," baba alituonya. "Kioo cha kuchorwa kikinywa mafuta, hakitapiki."

Nani angemwambia mdogo wangu hayo akasikia? Mama alikaanga mandazi ya kuuza, na mkono wa huyo mtoto ulishinda kwenye beseni. Alipanda stuli, akabandika kiganja chini ya miguu ya korongo, eti anamlisha. Baba aligomba. Mama alicheka mpaka machozi.

Mvua ya masika iliyofuata, surua ilimchukua. Picha yake hatukuwa nayo hata moja. Tulikuwa tumesema tutapigwa moja Krismasi.

Halafu jioni moja mama aliteleka maji ya ugali, mvuke ukapanda kwenye kioo, na kiganja kikatokea. Vidole vyote. Kioo kilipokauka, kikapotea. Tangu hapo mama alichemsha maji hata kama hakuna cha kupika. "Umeamka?" alikiuliza, kwa sauti ileile aliyomwamshia mdogo wangu anywe uji. Mimi nilijifunika shuka. Nilikiogopa, na niliogopa zaidi kikichelewa kutokea. Baba alizidi tu kununua mafuta taa.

Nyanya, mamake baba, akaja kutoka upande wa ziwa kutufariji. Mikono yake haikujua kutulia. Siku moja sisi tukiwa shule, mama akiuza mandazi, alisugua nyumba nzima. Tuliporudi, korongo aling'aa ungeweza kuhesabu manyoya.

"Mlikuwa mnaishi gizani, wanangu," alisema, uso umejaa furaha. "Hapo chini kulikuwa na doa la mafuta, kila nikilowesha linatokea, sugu kweli! Nimelipiga jivu na sabuni mpaka likatoka."

Mama alisimama mlangoni na beseni tupu. Nilijua atapiga nduru.

"Asante sana, mama," akasema. "Umetusaidia."

Akawasha stovu, akateleka sufuria. Mvuke ukapanda. Korongo, korongo peke yake. Maji yakapungua, akaongeza mengine.

"Unapika nini, mwanangu?" nyanya akauliza.

"Maji tu, mama. Ya chai."

Usiku huo mama alituita nje, mimi na kaka yangu. "Nyanya yenu aliosha kwa mapenzi. Atakayemwambia atanijua." Nyanya alikufa bila kujua, akisifia lile dirisha kwa kila mgeni.

Leo nyumba ile haipo, ilibomolewa, na kioo kilizolewa pamoja na matope. Pale palipokuwa karakana wanauza simu. Mama na baba wametutoka. Na uso wa mdogo wangu, aki ya Mungu, siukumbuki. Jana nilimpigia kaka yangu nimuulize ulikuwaje. Akasema miaka yote hii alidhani mimi ndiye ninayeukumbuka.