Siku Injini Zote Mbili Ziliponiitikia

Hii aibu nimeificha vya kutosha, na kwa kuwa Voi nzima inaijua isipokuwa nyinyi, afadhali mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjaipata sokoni ikiwa imetiwa chumvi (ingawa sijui wataitia wapi, maana chumvi ilikuwa imejaa tangu mwanzo).

Mimi ni fundi wa simu. Baba mkwe wangu, Mzee Mwakio, alikuwa dereva wa treni, ameendesha Voi hadi Taveta mpaka akastaafu, na tangu nimuoe binti yake Wakesho hajawahi kuniona kama mtu mwenye kazi. Kwake yeye, kuchokonoa simu ni mchezo. Kwa hiyo yeye na Mama walipokaribia kutimiza miaka hamsini ya ndoa, nikasema hapa ndipo nitakapomnyamazisha: nitamjengea reli yake ndogo ya mezani, stesheni ya Voi upande huu, Taveta upande ule, Mwatate katikati, na treni yenye ukubwa wa ndizi mbivu itamletea pete mpya ya Mama mbele ya watu wote.

Reli niliijenga vizuri, sijisifu. Kilichonishinda ni kuchagua mtambo wa kuiendesha. Hizi treni za kidijitali, kila injini ina chipu tumboni na namba yake, kama simu tu, ukiita namba hiyo inaitika yenyewe na nyingine inakaa kimya. Nikashuka Mombasa kwa Bi Zuhura, mama mmoja anayeagiza hivi vifaa, akaniwekea mitambo miwili mezani.

"Huu una waya," akasema, "wazungusha hapa kwa mwendo, na ukibana hiki kitufe chekundu kila kitu chasimama. Huu mwingine waendesha kwa simu yako."

Nikashika ule wa simu hata kabla hajamaliza.

"Baba Mghoi," akaniuliza, "wewe wataka treni iende, au wataka watu wakuone ukiiendesha?"

Nikacheka. (Jibu lilikuwa la pili, na yeye alilijua.) Akanifungia waya za mtambo mwenyewe pale pale, akanionyesha pa kugusa, nikarudi Voi na injini mbili, nikaujaribu nyumbani wiki nzima na moja tu, ukaenda kama maji.

Siku ya sherehe, kwenye ukumbi wa kanisa, nikaona stesheni ya Voi inakaa tupu, nikatoa injini ya pili kwenye boksi nikaiegesha pale iwe pambo. Pambo tu! Halafu nikaunganisha simu na spika za ukumbi ili honi isikike mpaka nje, na nikamwambia kila aliyeuliza kwamba waya zote pale nimefunga mwenyewe.

Mzee akaja na fimbo yake, akazunguka meza, akainama.

"Breki iko wapi?"

Nikamwonyesha simu.

"Hiyo ni simu."

"Ni breki pia, Baba."

Akaniangalia kama mtu anayeangalia mawingu ya mvua, akaenda kukaa.

Nikapiga honi, watu wakashangilia, nikateleza kidole, treni ikatoka Taveta na pete juu ya kitambaa chekundu, Mama akashika mashavu, shangazi Mkamburi akapiga vigelegele, nami nikaongeza mwendo kwa sababu ya vile vigelegele, na hapo ndipo nikaona lile pambo langu pia limeondoka Voi, linakuja, na liko kwenye reli ile ile. Nikapeleka kidole pa kusimamisha. Kabla hakijafika simu ikaita, kioo chote kikawa ni jina la Bi Zuhura, nikabonyeza kuikata, kumbe nimeipokea, na sauti yake ikajaza ukumbi mzima:

"Baba Mghoi! Nilisahau kukwambia, injini zote zatoka kiwandani na namba ile ile, tatu! Ukiita moja zote zaitika! Na kule nilikokufungia waya usikuguse, wewe hukujui!"

Zikagongana Mwatate, uso kwa uso. Behewa la pete likapinduka ukingoni mwa meza, na meza iliyofuata ilikuwa ya chakula, na chakula kilichokuwa karibu kabisa kilikuwa sufuria la kimanga, muhogo na maharagwe yaliyopondwa yakashikana, na kimanga kikishika kitu hakirudishi. Pete ikazama tukiiona.

Wakesho akavua saa yake, akanawa mikono, akaanza kutafuta, na wanawake wengine wakamsaidia mpaka Mama akakataa chakula chake kuendelea kuchimbwa kama shimo la choo. "Pakueni mle," akasema, "itajitokeza."

Basi watu themanini tukala kimanga polepole, kila mmoja anatafuna kama mbuzi anayewaza, mpaka tukasikia *ka!* kwenye jino la shangazi Mkamburi. Mama akaiosha pete kwa maji ya chupa, akaivaa, akacheka mpaka akatoa machozi. Mzee hakucheka. Alikuwa ameokota injini zote mbili, anazifuta magurudumu kwa leso.

"Dereva alikuwa nani?"

"Mimi, Baba."

"Kaa uandike ripoti."

Nikadhani ni utani. Akanipa kalamu na ile karatasi ya ratiba ya sherehe, upande wa nyuma, nikaandika mbele ya watu nikiwa na suti: mahali, Mwatate, abiria, pete moja, chanzo cha ajali, simu.

Akasoma, akakata neno la mwisho kwa mstari mmoja. "Simu haikuwa na leseni. Andika upya."

Nikaandika: dereva alitaka kuonekana. Akatia sahihi, akaikunja, akaiweka mfuko wa koti, na mpaka leo wageni wakija anaitoa anawasomea kwa sauti.

Mtambo wa simu nimeurudisha. Na nimeapa, wenzangu, nikinunua tena chombo chochote kinachotembea, kiwe kidogo namna gani, nitauliza kwanza kinasimamaje. Vile kinaenda, hayo tutayajua baadaye.