Lori Lililovunja Sabato

Wacha niseme ukweli: mimi ni fundi wa injini za petroli. Lakini mzee wa kanisa letu hapa Nyansiongo alipouliza kama naweza kufufua lori lake kuukuu la jeshi na kulifungia injini ya dizeli, niliona kama ananitukana. "Mzee, mimi na dizeli tumekua pamoja," nikamdanganya.

Ijumaa jioni nililiendesha hadi uwanja wa kanisa liombewe kabla Sabato haijaingia. Kwaya ikaimba. Nikazungusha ufunguo kulizima, likaendelea kunguruma. Nikauchomoa kabisa. Lori halikujali.

"Fundi, zima basi, jua linazama," mzee akasema.

"Injini za jeshi hazizimwi ghafla," nikamjibu kitaalamu. "Lazima zipoe kwanza."

Jua likazama. Sabato ikaingia, lori bado liko kazini. Mchungaji aliomba kwa kupaza sauti, na kila aliponitazama nilimwonyesha vidole vitano: dakika tano zaidi.

Mwishowe Mama Kwamboka, anayesaga mahindi ya posho sokoni kwa mashine ya dizeli, akapanda ndani ya lori. Chini ya usukani akafungua waya niliyokuwa nimeikunja na kuifunga kwa kamba, nikidhani ni ya ziada. Akaivuta mara moja tu, kama anavyozima mashine yake.

Lori likazimika. Uwanja mzima ukasikia sauti moja iliyobaki, yangu, bado nikimpigia mzee kelele sikioni: "Hii ni teknolojia ya jeshi! Mama wa posho ataielewa wapi?"