Sigara ya Kila Saa

Usicheze na Fundi. Mteja akidai gauni kabla ya siku yake, aliambiwa, "Basi jifunge kitambaa!" Lakini saa ya ukutani ikigonga, huyo huyo mkali aliondoa mguu kwenye cherehani, akafungua kopo la vifungo na kumtolea kaka yake sigara moja.

"Haya, Mkaguzi. Umelalaje? Sauti zako zinasemaje leo?"

"Zimenuna," kaka mtu alijibu, wakacheka wote wawili. Kisha yeye alikwenda kuvuta nyuma ya duka, na dada akarudi kushona. Wenyewe walikubaliana iwe moja kila saa, maana kaka akiachiwa pakiti aliimaliza kwa mkupuo. Jina la Mkaguzi alilipata kwa kuwa nguo haikutoka dukani kabla hajavutavuta kila kifungo. Aliishi na ugonjwa wa akili miaka mingi, na vidonge alimeza bila kukosa, dada akimwangalia.

Mwezi huo mambo yakaenda mrama. Mkaguzi akawa anasinzia na sindano mkononi, udenda unamtoka. Siku moja alishona koti la mteja kwenye suruali yake mwenyewe, akainuka nalo. Fundi alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaingia stoo akalia. Mara ya mwisho kaka yake alipolazwa, alirudi hasemi na mtu, na mwaka mzima ulipita kabla hajamwita tena dada. Akilazwa safari hii, atamrudia kweli?

Kliniki, nesi aliyewajua siku nyingi alimtazama mgonjwa, akauliza, "Sigara anavuta ngapi?"

"Kumi kwa siku. Nampa kwa mkono wangu huu."

Mkaguzi akaingiza mkono kwenye koti, taratibu, akatoa mfuko wa nailoni. Ulijaa sigara nzima nzima, hata moja haijaguswa na moto.

"Nimeacha," alisema. "Kifua kilikuwa kinanibana."

"Hongera! Lakini si mngesema, jamani!" nesi akamaka. "Kwa dawa yake hii, moshi hufanya mwili uimalize upesi. Ukiacha ghafla, dawa inazidi mwilini. Huenda si ugonjwa uliorudi."

Daktari alipima damu, akakubaliana na nesi, akapunguza dawa. Akawaruhusu waende nyumbani.

Nje, Fundi alishusha pumzi, kisha hasira zikampanda. "Mwezi mzima roho iko juu! Kama umeacha, ulikuwa unazipokea za nini?"

Mkaguzi aliangalia viatu vyake. "Ukinipa sigara ndipo unaniuliza nimelalaje. Ningesema nimeacha, ungeinuka kwenye cherehani kwa lipi?"

Fundi, mwenye jibu la kila mtu, alimshika mkono kaka yake, wakaenda hivyo hivyo hadi nyumbani.

Wiki iliyofuata, saa nne ilipogonga, mteja alikuwa mlangoni anadai gauni lake. Fundi akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Subiri," alimwambia. Akavuta kigoda, akakaa karibu na kaka yake, mikono mitupu.

"Haya, Mkaguzi. Umelalaje?"